Waya wa Tatu

Simu ya zamu ililia kila usiku saa tatu.
Bibi Tserennadmid, jengo la kumi na nne, ghorofa ya nne:
koti mwilini ndani ya nyumba, soksi za sufu ya ngamia jozi mbili,
na chai yake ya maziwa inapoa kabla hajaketi.
Shagdar humjibu kwa adabu, macho kwenye tarakimu:
"Themanini, bibi. Maji yanatoka hapa nyuzi themanini.
Mashine haina sababu ya kukudanganya."

Kweli, haikuwa na sababu.

Nilishuka na tochi mdomoni, glavu moja mkononi, moja kwapani.
Nje, thelathini na nane chini ya sifuri,
baridi ya Choibalsan isiyojua kubisha hodi.
Kwenye bomba kuu, ndani ya ala yake ya chuma,
kihisi kimelala: uzi wa platini mwembamba kuliko ukope.
Maji yakiwa barafu, ukinzani wake ni omu mia.
Joto likipanda nyuzi moja, anaongeza pungufu ya nusu omu.
Hilo si neno, ni mnong'ono,
na mnong'ono huo sharti uvuke ua wa makaa,
mita themanini za shaba, hadi chumba cha zamu.

Shaba nayo ina ukinzani wake.
Mjumbe hauawi, sawa,
ila nani aliapa kwamba mjumbe hatii chumvi?
Omu nne na kidogo, kwenda na kurudi:
sitini na tisa ikaondoka bombani
ikafika mezani kwa Shagdar ikiwa themanini.
Husemwa njia ya mwongo ni fupi.
Hii niliipima kwa hatua zangu, kwenye theluji.

Nikafungua kisanduku kinachopokea ishara.
Tundu la kwanza, waya mweupe. La pili, mwekundu.
Kati ya la pili na la tatu, kipande cha waya
kifupi kama kucha, kimepindwa vizuri, kimekazwa,
na ndani ya kifuniko, kwa penseli:
*Kebo imeisha. Nitarudi kiangazi. Yondon.*

Viangazi sita.
Simlaumu sana. Kiangazi chetu hukijui kama kimekuja
mpaka uone kimeondoka.

Siku mbili nilivuta kebo mpya, ya nyaya tatu.
Waya wa tatu hauna habari ya moto.
Unaanzia alipoanzia pacha wake mwekundu,
unapita njia ile ile, unaumwa na baridi ile ile,
unafika na jambo moja tu la kusema:
hivi ndivyo njia ilivyonigharimu.
Kisanduku kinasikia, kinatoa, kinabaki na ukweli.
Sharti lake ni moja, mapacha wawe mapacha:
unene mmoja, urefu mmoja, skrubu zisizo na kutu.
Ngao ya kebo niliiunga ardhini upande mmoja,
maana ukiiunga kote kuwili
mota za pampu zitaingia humo kupiga kelele zao.

Tarakimu ikaanguka. Themanini. Sabini na nne.
Sitini na tisa, ikatulia.
Shagdar akaruka kitini: "Umeiharibu!
Miaka sita haijawahi kushuka!"
Nikatafuta la kumjibu, nikakosa.
Nikamwonyesha beleshi.

Usiku ule tanuri lilikula makaa kama bwana harusi.
Saa tatu, simu.
Shagdar akaiacha ilie mara nne, kisha akanipa mimi.
"Nimefungua dirisha," akasema bibi. "Mnataka kunichemsha?"
Akakata, bila kuaga.

Kipande cha Yondon kiko mfukoni, nakisikia kwa kidole.
Ukutani kuna visanduku vingine kumi na kimoja,
vifuniko vimefungwa,
na vyote, usiku huu, vinasema mambo ni shwari.